Barua ya wazi kwa wakubwa: kabla hamjang'oa mti wa mwisho wa kahawa ya Mafadha

Kwenu wakubwa wa mipango ya jiji la Nairobi, wakubwa wa makumbusho na turathi, wakubwa wa utafiti wa kahawa, na nyinyi Mafadha wetu, mapadri wa misheni,

Salamu nyingi. Naanza kwa kuomba radhi manake mimi si mwanahistoria na sina kamati nyuma yangu, mimi ni rider tu, wa ile pikipiki ya boksi nyuma, nimezaliwa Kangemi nikasomea Kangemi, na kila siku kuanzia saa tano asubuhi niko Lavington napelekea watu chakula. Hii barua nimeiandika vipande vipande kwa simu nikingoja oda, kwa hivyo mkiona mahali sentensi imeruka mjue hapo ndio chakula kilikuwa kimeiva.

Iko hivi. Mwezi wa kumi na moja nilipeleka oda kwa fleti moja mpya, kastoma akaniambia ningoje kidogo anashuka, na "kidogo" ya Lavington mnaijua ni dakika ishirini. Ploti ya jirani imezungushiwa mabati, nyumba ya zamani ya vigae imeshabomolewa, tingatinga limelala hapo katikati. Nikachungulia kwa ufa. Kule nyuma karibu na ukuta, kwa vichaka na matofali yaliyovunjika, nikaona mti umeinama umejaa tunda nyekundu, matawi yametoka mawili mawili yakiangaliana, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya kujipaka. Nikamuuliza soja wa hapo, boss, hiyo si kahawa? Akasema hayo ni maua ya wazungu wa zamani, yatang'olewa wiki ijayo ama ile ingine. Nikamwomba aniletee moja. Akanicheka lakini akaniletea kiganja kizima.

Nikauma moja. Kama hujawahi kula tunda la kahawa, ganda lake ni gumu kiasi, ndani kuna utelezi mtamu kidogo tu, hautoshi hata kulowesha ulimi, halafu mbegu mbili zimelaliana tumbo kwa tumbo. Ni kahawa, sikuhitaji profesa. Shosho yangu aliichuma hiyo kitu miaka mingi hadi kidole gumba chake kikapinda, na mimi nimekula hayo matunda nikiwa mtoto nikichungwa naye. Kastoma aliposhuka nilikuwa bado natema ganda, nadhani ndio sababu hakunipa tip.

Sasa wakubwa, hapo mnapopaita Lavington, shosho hakuwahi kupaita hivyo. Kwake, pote kutoka kanisani kuteremka hadi mtoni palikuwa ni "kwa Mafadha". Ile barabara tunayoiita James Gichuru Road zamani ilikuwa St Austin's Road, na Austin ni Augustino kwa kifupi, ndio jina la misheni ya hao mapadri. Kuna wazee wanaoapa kwamba hata Msongari ni hilo hilo Saint Austin limepita kwa midomo ya watu hadi likawa la kwetu, na kuna wengine wanabisha wanasema inatoka kwa thangari, ile nyasi. Mimi siwezi kuamua hiyo kesi. Lakini angalieni vile kanisa limebaki, shule zimebaki, Loreto Msongari ya 1921 na St Mary's ya 1939, kila mtu anazijua, na ile kitu iliyokuwa imezunguka hayo yote, shamba la kahawa, ndio imefutika kabisa.

Wacha niwaelezee vile nilivyokuja kuelewa, manake tangu hiyo siku nimesoma sana, usiku, na siku za mvua pikipiki ikiwa imepaki.

Reli ilifika Nairobi 1899, mwezi wa tano. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, mapadri na mabruda wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika la Wafaransa, wakaja chini ya Askofu Allgeyer, wakafungua misheni huku juu kwenye udongo mwekundu, mbali kidogo na kinamasi cha mji. (Najua kuna mtu atanirekebisha kwamba hawa hawakuwa watawa wa kujifungia ndani ya kuta kama Watrapisti. Kweli. Lakini waliishi kwa jumuiya, wakaweka nadhiri, wakalima ardhi ya shirika, na mabruda ndio walikuwa wakulima na mafundi wenyewe. Kwa jirani anayeangalia kutoka upande wa pili wa mto, tofauti iko wapi?)

Lakini walikuta nini? Hapa ndio naomba msome polepole. Huo mwaka Kiambu yote ya kusini ilikuwa imelala chini. Mvua ilikuwa imekataa, ng'ombe walikuwa wamekufa kwa sotoka, ndui ikafuata, na ile njaa Wakikuyu mpaka leo wanaiita Ng'aragu ya Rũraya, njaa ya Ulaya, sababu ilikuja pamoja na wageni. Watu walikufa, na walioweza kutembea wakarudi Murang'a kwa jamaa zao. Kwa hivyo mzungu aliyefika wakati huo aliona mashamba yamekuwa msitu, moshi hakuna, akaandika kwenye karatasi kwamba ardhi iko wazi. Haikuwa wazi. Ilikuwa gĩthaka cha mtu, yaani ardhi ya mbari fulani, ukoo fulani, mwenyewe amekimbia njaa. Alipopata nguvu akarudi, akakuta kuna kigingi na mwaka wa 1902 kukawa na sheria ya ardhi ya Taji, na ya 1915 ikaja ikapiga msumari na hati za miaka 999. Ilipokuja ile Tume ya Ardhi ya Carter 1932, wazee walienda kusimama mbele yake na kuhesabu babu zao mmoja mmoja, kusema huu mto ulikuwa mpaka wetu. Ripoti ikatoka 1934 na wengi hawakupata walichoomba.

Siandiki hivyo ili nidai ploti. Shosho hakuwa na ploti huko na mimi sina. Ninachosema ni kwamba mkianza hadithi ya shamba la Mafadha, msianzie kwa Fadha. Na pia tusiwe wachoyo, misheni zilipikia watu wenye njaa na zikatibu wagonjwa, hiyo nayo iandikwe. Mtu anaweza kukupa uji na bado akawa amekalia shamba la shangazi yako, hayo mawili hayagombani.

Haya, kahawa. Hii ndio sehemu iliyonifanya nikose usingizi.

Mnajua kahawa asili yake ni Ethiopia. Yaani hapo tu, ukipita Moyale umefika. Na badala ya kushuka moja kwa moja kuja kwetu kama jirani anavyoomba chumvi, ilizunguka dunia. Ikavuka bahari hadi Yemen. Wafaransa wakaichukua huko Yemen karibu 1715 wakaipeleka kisiwa chao cha Bourbon, hicho kinachoitwa Réunion siku hizi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekaa Réunion, wakahamia Zanzibar miaka ya 1860, halafu 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo wakaanzisha misheni na kijiji cha watumwa waliokombolewa, na popote walipoenda walibeba mbegu pamoja na vitabu vya misa. Kutoka pwani wakapanda hadi Bura, kwenye vilima vya Taita, na 1893 ndio mwaka unaotajwa sana kwamba kahawa iliingia ardhini Kenya. Kutoka hapo ikaja Nairobi na misheni ya 1899. Kwa hivyo kile kitu nilichouma kwa mabati, babu yake pengine alitoka kwa jirani yetu akapita Uarabuni, Bahari ya Hindi, Unguja, Bagamoyo na Taita ndio akafika Lavington. Mimi nikitumwa oda kutoka Kangemi hadi Westlands nikapitia Mombasa ningefutwa kazi siku hiyo hiyo.

Na ilipofika ilipenda. Mwinuko wa mita 1,700 na kitu, udongo mwekundu wa volkano usiotuamisha maji, usiku baridi kiasi, na vijito vya kina Kirichwa vikipita hapo chini, manake kahawa ya kuoshwa inataka maji. Ukishaichuma inabidi ikobolewe siku hiyo hiyo, ilale kwenye tangi iumuke hadi ule utelezi uachie, ioshwe, halafu ianikwe kwa meza za waya na igeuzwe geuzwe juani. Walowezi walipokuja kuona wapadri wanapata mavuno, wakaanza kuchukua miche. Ndio sababu kahawa ya kwanza ya nchi hii ilipata jina la Misheni ya Wafaransa, French Mission, na jina hilo likaandikwa kwenye vitabu vya kilimo dunia nzima. Fikirieni hilo. Mtu yuko Kolombia anasoma jina la shamba lililokuwa pale ninapopaki pikipiki.

Kutoka kwa hiyo miti ndio wataalam walichagua aina mpya za kahawa. Kule Legetet, Muhoroni, ilichaguliwa aina inayoitwa K7 kutoka kwa kahawa ya Misheni ya Wafaransa, ikatolewa kwa wakulima 1936. Hapo Kabete kulikuwa na maabara ya Scott, ndio hiyo SL mnayoiona kwenye pakiti, na kati ya 1935 na 1939 walichagua miti 42 wakaifuata mmoja mmoja, unazaa vipi, unavumilia kiangazi vipi, kikombe chake kiko vipi. SL28 mama yake alitokea Monduli, Tanganyika, mbegu zililetwa baada ya safari ya 1931. SL34 ilitoka kwa mti mmoja, mti mmoja tu, kwenye shamba la Loresho, na huo mti ulikuwa umeandikwa ni wa Misheni ya Wafaransa. Na ili nisiwadanganye, siku hizi wamepima damu ya SL34 kwa mashine wakakuta inaegemea upande wa ile jamii ingine inayoitwa Typica, si Bourbon, jamii ya ile kahawa ya Réunion. Kwa hivyo ama lebo ilikosewa ama misheni zilichanganya mbegu, na hiyo ndio sababu kubwa ya hii barua, nitairudia hapo chini.

Hizo SL mbili ndizo zilizofanya kahawa ya Kenya iwe kahawa ya Kenya, ule uchachu wake unaowafanya wageni wafunge macho wakinywa. Shida yake ni ugonjwa wa tunda, ule CBD, ulionekana kwetu mara ya kwanza 1922, unaozesha tunda likiwa bado kijani. Watafiti wa kahawa kule Ruiru wakahangaika hadi wakatoa Ruiru 11 mwaka wa 1985, na Batian 2010, na hizo zote mbili ndani yake zimebeba damu ya SL28 na SL34. Unaona vile uzi haujakatika.

Lakini sasa nani alikuwa anachuma?

Shosho alichuma akiwa msichana. Sitasema shamba lilikuwa la nani, halikuwa la Mafadha, lilikuwa la mlowezi mmoja upande huo huo, na wote wameshakufa. Waliamka usiku, wanashuka kijito wamefunga gunia kiunoni. Malipo ni kwa debe. Sasa debe lina mdomo, si ndio? Likijaa hadi kwa mdomo wewe unadhani limejaa. Mnyapara anasema hapana, debe lazima liwe na kichwa. Kwa hivyo unaongeza hadi kahawa ifanye kilima juu, yenye kumwagika unaokota unarudisha, halafu mnyapara anapitisha mkono, ile inayoanguka upande wa pili inaingia kwa gunia la shamba, si kwa hesabu yako. Shosho alikuwa akituhadithia hii akipima unga, alikuwa anajaza kikombe halafu anapitisha kiganja juu chaa, anasema hicho ndicho kichwa cha debe, nimewafanyia kazi vichwa vya madebe miaka sita. Na ukichuma tunda la kijani limechanganyika na nyekundu, debe lote linamwagwa chini unaanza kuchagua ukiwa umepiga magoti, na siku imekwisha.

Na huyo mtu anayechuma hakuruhusiwa kupanda. Hiyo naona vijana hawaijui. Kwa miongo kadhaa Mwafrika alizuiwa kulima kahawa yake mwenyewe, sababu waliyotoa ni eti magonjwa yataenea na ubora utaharibika, sababu ambayo hawakuitoa ni kwamba ukiwa na kahawa yako nani atanichumia mimi yangu? Ilianza kulegezwa karibu 1934 huko Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba ya walowezi, na kwa sehemu hizi zetu ikangoja hadi miaka ya 1950 na mpango wa Swynnerton, ule wa serikali ya mkoloni wa kubadilisha kilimo cha Waafrika. Kodi ya nyumba ilikusukuma shambani, kipande cha shingoni, kile kitambulisho cha kazi, kikakushika huko kuanzia 1920. Harry Thuku alifungwa 1922 kwa kupiga kelele juu ya mambo kama hayo, na huyo huyo Thuku akaja kuwa mkulima wa kahawa Kabete, akaingia bodi ya chama cha wapanda kahawa 1959. Hiyo peke yake ingetosha kuwa sanamu mahali, lakini hebu tuendelee.

Mji ukapanda kilima. Ardhi ya misheni ikaanza kuuzwa vipande, nyumba za bustani kubwa zikajengwa, Lavington ikazaliwa, na hizo nyumba zenyewe sasa ndizo zinabomolewa zijengwe fleti za ghorofa kumi na zaidi. Wenye nyumba wengine wa zamani walikuwa wanaacha mti mmoja ama miwili kwa ukingo wa bustani, pengine kwa sababu maua yake ni meupe na yananukia kama asmini, na hivyo ndivyo mti umefika hadi leo bila mtu kujua jina lake. Hakuna aliyeuhifadhi, ulisahaulika tu, na huko kusahaulika ndiko kulikouokoa. Fleti haina ukingo wa bustani. Fleti ina pakingi.

Na hapa wakubwa niwaulize kitu kwa heshima. Nikiteremka upande wa Ngong kuna nyumba ya mama mmoja wa Denmark aliyelima kahawa akashindwa, shamba lilikuwa juu sana na baridi, likaanguka 1931 akarudi kwao. Nyumba yake serikali ya Denmark ikatupa zawadi ya uhuru, na tangu 1986 ni makumbusho, watalii wanalipa wanaingia wanaona hadi mashine ya kahawa imesimama kwa nyasi. Sina ubaya naye, nimepeleka wageni huko nikiwa bado natumia pikipiki ya kubeba watu, pazuri. Lakini hebu fikirieni, kahawa iliyokufa imepewa makumbusho, na ile iliyoishi ikazaa mikahawa yote hii nikipita na boksi langu, kikombe kimoja shilingi 350, mimi nimezunguka kutoka kanisani hadi Valley Arcade, nikateremka hadi Kawangware nikarudi, na sijakutana hata na kibao cha mbao kinachosema hapa palikuwa shamba. Labda kiko mahali sikufika. Kama kiko, kihamishiwe mahali rider anaweza kukiona.

Sasa ninachoomba. Cha kwanza hakina gharama na ndicho cha haraka. Nyinyi wa Ruiru, tumeni mtu na makasi. Kuna miti mizee imebaki kwa uzio na nyuma ya nyumba huku juu, si mmoja, tangu nianze kuangalia nimehesabu saba nikiwa kazini tu, bila kuingia kwa mtu. Huenda saba hizo zote ni takataka za SL zilizopandwa juzi. Huenda kuna mmoja umetoka kwa ile miche ya kwanza. Hakuna anayeweza kujua kwa macho, lazima ipimwe, na nilisema hapo juu kwamba hata SL34 lebo yake inabishaniwa, basi ushahidi wa kumaliza huo ubishi unaweza kuwa umesimama nyuma ya mabati ukingoja tingatinga. Kukata vijiti vichache na kuvipandikiza kitaluni ni kazi ya asubuhi moja. Nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 120,000 za kahawa msimu wa 1987/88, sasa tunahangaikia karibu 50,000, na kila siku naskia kwa redio tunatafuta mbegu itakayovumilia ukame na magonjwa. Halafu tunang'oa za zamani bila hata kuzisalimia. Kulikuwa na wakati hapa Kenya mkulima alikuwa haruhusiwi na sheria kung'oa mti wake mwenyewe wa kahawa bila kibali, hata kama unamlipa hasara mwaka baada ya mwaka. Mzee wa Murang'a alishtakiwa kwa mti, na mwenye ghorofa anapewa muhuri. Hiyo inaingiaje akilini?

Kwa hivyo nyinyi wa vibali vya ujenzi, wekeni mstari mmoja kwa fomu yenu: kwenye ploti zilizokuwa ardhi ya misheni, kabla ya kubomoa, mtu aje aangalie miti. Mnaweza. Kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, na wakubwa wa turathi mnaijua kuliko mimi, mnajua vile kitu kinatangazwa kwenye gazeti la serikali kikawa hakiguswi. Siombi mtangaze Lavington nzima, watu wanahitaji nyumba na mimi nahitaji wateja. Naomba mti mmoja. Ama mita kumi za uzio.

Na Mafadha, nyinyi nawaandikia kama mtoto wenu, nilibatizwa. Misheni zenu za zamani zilikuwa na tabia nzuri moja, kuandika. Kila jumuiya ilikuwa na daftari la matukio ya kila siku, nani amefika, mvua imenyesha kiasi gani, nini kimepandwa, na kumbukumbu nyingi za shirika zinatunzwa Chevilly-Larue karibu na Paris. Shosho hangeenda Paris. Mimi pia sidhani. Leteni nakala za kurasa za shamba la St Austin, hata kama ni za kupigwa picha, muweke kwa Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue ama hata hapo parokiani, na mtu atafsiri, kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza peke yake. Ninachotaka kuona humo si askofu alikula nini. Nataka kuona kama kuna jina la mchumaji hata mmoja. Jina la aliyelima mashimo ya kwanza. Jina la aliyekuwa anakaa hapo kabla ya njaa, kama aliwahi kuja mlangoni kuuliza, na alijibiwa nini. Pengine majina hayamo, pengine imeandikwa tu "vibarua arobaini". Basi hiyo nayo tuione kwa macho yetu.

Kibao kikija kuwekwa, sina haja na marumaru na mheshimiwa wa kukata utepe. Kiandikwe kwa mpangilio wa kweli: gĩthaka, njaa, misheni, kahawa, walowezi, vibarua, mji. Na kama nafasi inatosha mchore debe, lenye kichwa.

Nimalizie na habari ya huo mti manake oda yangu imeita. Zile mbegu sikuzitupa. Nilizimenya utelezi kwa maji, nikazianika kwa kivuli, halafu nikazipanda kwa pakiti za maziwa zilizokatwa juu, kumi na mbili, kwa dirisha la nyumba yangu Kangemi. Wiki ya tano nilikuwa nimeshakata tamaa, mke wangu alikuwa ameanza kuweka dhania kwa hizo pakiti. Wiki ya nane zikatoka tano. Kahawa ikiota inainuka na mbegu yake kichwani, imesimama wima na ganda juu kama askari na helmeti, siku kadhaa hivyo, ndio majani mawili ya mviringo yafunguke. Jana mbili zilikuwa zimeshavua helmeti.

Tingatinga halijaanza, soja ananiambia wanangoja karatasi moja tu kutoka kwenu. Mti bado uko, upande wa nyuma, kushoto kwa tangi la maji. Mkija Jumatano kabla ya saa sita mtanikuta hapo nje, na huyo mtu wa makasi asisahau ngazi manake upande huo ukuta ni mrefu.